Thamani ya soko, pango, kiwanja au mita za mraba? Njia nne za kukadiria kodi ya majengo, na namna za kuikusanya

Katika vikao vya halmashauri, mjadala wa kodi ya majengo huanzia mara nyingi kwenye kiwango: tutoze asilimia ngapi? Hapo hatua moja imerukwa. Kabla ya kuuliza asilimia ngapi, lazima ijulikane ni asilimia ya kitu gani, na kwenye swali hilo serikali za mitaa duniani hazifanani hata kidogo. Zipo zinazotoza kwa bei ambayo nyumba ingeuzwa leo. Zipo zinazoangalia pango ambalo ingeingiza kwa mwaka. Nyingine huliacha jengo kando na kukadiria kiwanja tu, na nyingine hupima mita za mraba zikamaliza kazi.

Ujerumani ni mfano mzuri wa ugumu wa kuchagua. Aprili 2018 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilibatilisha mfumo uliokuwepo, kwa sababu kodi ilikuwa bado inatozwa kwa thamani za mwaka 1964 upande wa magharibi na za 1935 upande wa mashariki. Mfumo mpya ulianza kutoza Januari 2025, lakini majimbo hayakwenda njia moja. Mengi yalifuata mfano wa serikali ya shirikisho unaokadiria thamani ya mali, Baden-Württemberg ikashika thamani ya ardhi peke yake, na Bavaria ikaamua kupima eneo. Wote hao walikuwa wanajibu hukumu ileile.

Makala haya ni kwa diwani anayesubiri kupigia kura sheria ndogo, ofisa mapato anayetakiwa kuandika mapendekezo, na mkazi aliyeitwa kutoa maoni asijue aanzie wapi.

Vigezo

Kila njia nitaipima kwa mambo manne. La kwanza ni data: unahitaji kujua nini, na je, taarifa hizo zipo kweli au zipo kwenye makaratasi tu? La pili ni haki: mwenye mali nyingi analipa zaidi ya mwenye kidogo? La tatu ni uwazi: mlipaji anaweza kukaa mezani na kalamu akakagua hesabu aliyoletewa? La nne ni uchakavu, yaani kinachotokea miaka kumi ikipita bila uthamini mpya.

Hili la nne nalipa uzito kuliko mengine, na ni vizuri msomaji ajue mapema. Mifumo mingi huanza vizuri. Huharibika baadaye, pale inapokosa mtu wa kuihuisha.

Kabla ya yote: uthamini mpya si lazima uwe kodi mpya

Hofu kubwa ya wananchi ni kwamba thamani ikipanda, ankara itapanda vilevile. Inategemea kiwango kinapangwaje. Katika miji mingi ya Marekani hesabu huanzia kwenye bajeti. Tuseme halmashauri inahitaji 500,000, na mali zote mjini zina thamani ya 100,000,000. Kiwango kinakuwa asilimia 0.5, na nyumba ya 100,000 inalipa 500.

Sasa uthamini mpya ukakuta jumla imefika 200,000,000, bajeti ikiwa ileile. Kiwango kinashuka hadi asilimia 0.25. Nyumba iliyopanda sambamba na mji, ikawa 200,000, inaendelea kulipa 500. Iliyopanda mara tatu italipa 750. Iliyobaki palepale italipa 250 tu. Uthamini umegawa mzigo upya, haukuuongeza. Anayeuongeza ni baraza, likikiacha kiwango cha zamani kibaki juu ya thamani mpya. (Wanasiasa wengi hawapendi kulisema hili hadharani, kwa kuwa lawama ni rahisi kumtupia mthamini.)

Njia ya kwanza: thamani ya soko

*Data.* Hapa unahitaji mauzo halisi, mengi, na yaliyosajiliwa kwa bei ya kweli. Yakiwepo, programu ya kompyuta inaweza kulinganisha maelfu ya nyumba na zile zilizouzwa karibuni bila mthamini kuingia kila mlango. Uholanzi hufanya hivyo kila mwaka. Lakini pale ambapo mnunuzi na muuzaji huandika bei ndogo kwenye mkataba ili kukwepa ushuru wa uhamisho, programu inajifunza kutoka kwenye uongo, na itauzalisha uongo huo kwa mji mzima.

*Haki.* Kwa nadharia hakuna njia inayofuata utajiri kwa karibu zaidi ya hii. Kwa vitendo kuna nyufa mbili. Moja ni ya mtu mwenye nyumba ya thamani kubwa na kipato kidogo, hasa mstaafu aliyekaa mahali pamoja mpaka mtaa ukapanda bei ukamzidi. Ya pili inazungumzwa kidogo: makosa ya ukadiriaji hayaangukii watu wote sawa. Katika Kaunti ya Cook, iliko Chicago, uchunguzi wa wanahabari uliochapishwa 2017 ulionesha kwamba nyumba za bei ya chini zilikadiriwa juu kupita kiasi na za bei kubwa zikakadiriwa chini. Pia wenye uwezo ndio waliokata rufaa zaidi, hivyo pengo likazidi kupanuka. Mthamini wa kaunti, ambaye kule huchaguliwa kwa kura, alishindwa kwenye uchaguzi wa mchujo wa chama chake Machi 2018.

*Uwazi.* Wa wastani. Unaweza kujua nyumba ya jirani iliuzwa kiasi gani, lakini fomula iliyokuletea namba yako huielewi kwa urahisi.

*Uchakavu.* Hapa ndipo njia hii inapoumia, kwa sababu soko halimsubiri mtu. Uingereza ilianzisha kodi yake ya halmashauri mwaka 1993. Kila nyumba iliwekwa kwenye mojawapo ya madaraja manane, A hadi H, kwa bei ambayo ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991. Wales ilithamini upya na kuanza kutumia madaraja mapya 2005. England, nchi kubwa zaidi ndani ya Uingereza, haijafanya hivyo hadi leo. Nyumba iliyojengwa mwaka jana London inabidi ikisiwe ingeuzwa kiasi gani mwaka 1991. Daraja la juu kabisa linaanzia pauni 320,000 za wakati huo, na ndani ya halmashauri moja linalipa mara tatu tu ya daraja la chini, hata kama nyumba yenyewe ina thamani mara hamsini zaidi.

California ilichagua kuchakaa kwa makusudi. Juni 1978 wapiga kura walipitisha Pendekezo la 13: kodi isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo iwe bei uliyonunulia, ikiongezeka si zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka mali itakapouzwa tena. Aliyekaa muda mrefu anajua atakacholipa mwakani, na hilo si jambo dogo kwa mtu mwenye pensheni isiyopanda. Ila jirani yake aliyenunua juzi, nyumba ya ukuta uleule na paa lilelile, anaweza kulipa mara kadhaa zaidi yake. Ni biashara halali kati ya utulivu na usawa, mradi wapiga kura wajue kuwa wamenunua kimoja kwa kuuza kingine.

*Inamfaa nani.* Mji wenye usajili wa mauzo unaoaminika, wathamini au wataalamu wa data wa kudumu, na sheria inayolazimisha uthamini kila baada ya muda maalumu. Afrika Kusini, kwa mfano, sheria yake ya 2004 inaweka ukomo wa muda ambao daftari la uthamini linaweza kutumika kabla ya kuandaliwa jipya.

Njia ya pili: pango la mwaka

*Data.* Mikataba ya upangaji. Singapore na Hong Kong zinaitumia njia hii na huangalia thamani upya kila mwaka, jambo linalowezekana kwa sababu zina taarifa nyingi za upangaji. Mahali ambapo karibu kila mtu anaishi kwenye nyumba yake, mthamini anabaki kukisia pango la nyumba ambayo haijawahi kupangishwa.

*Haki.* Inafuata kile ambacho mali inaingiza, jambo ambalo wafanyabiashara hulielewa upesi. Ndiyo maana Uingereza inaitumia kwa majengo ya biashara hata baada ya kuiacha kwa makazi. Udhaifu wake ni kiwanja kitupu. Hakina pango la maana, hivyo anayekishikilia akisubiri bei ipande anaweza kulipa kidogo kuliko mwenye kibanda jirani. Tatizo lingine ni udhibiti wa pango: Mumbai ilibanwa kwa miaka mingi na sheria zilizogandisha pango za zamani, kodi nayo ikaganda, mpaka ilipohamia kwenye thamani ya mtaji, yaani thamani ya mali yenyewe badala ya pango lake, mwaka 2010.

*Uwazi.* Mzuri. Watu wengi wanajua nyumba kama yao inapangishwa kiasi gani.

*Uchakavu.* Pango huenda polepole kuliko bei za kuuzia, kwa hiyo makosa hukua taratibu. Taratibu hiyo ndiyo inayodanganya. Ufaransa bado inakokotoa kodi ya nyumba za kuishi kutoka kwenye pango za kukadiria zilizopangwa kwa hali ya 1970. Kila mwaka hupandishwa kwa kiwango kimoja kwa wote, lakini mtaa uliokuwa duni wakati ule na sasa unatamaniwa na kila mtu bado unabeba sura yake ya zamani.

*Inamfaa nani.* Miji yenye soko kubwa la upangaji, na kwa majengo ya biashara karibu popote.

Njia ya tatu: ardhi peke yake

Hoja yake kuu ni ya zamani na bado ina nguvu. Mwanauchumi wa Marekani wa karne ya 19, Henry George, aliitetea hadi ikabeba jina lake: ukitoza jengo, unamwadhibu aliyejenga, ukitoza ardhi, huwezi kuifanya ardhi ipungue. Anayeongeza ghorofa haongezewi kodi. Anayekiacha kiwanja katikati ya mji kiote majani analipa sawa na jirani aliyejenga.

*Data.* Unahitaji ramani ya viwanja na bei za ardhi kwa kanda, wala si lazima mthamini aingie ndani ya nyumba ya mtu. Kwa mji unaoanza, hiyo ni nafuu kubwa. Ugumu unakuja katikati ya miji iliyojaa, ambako viwanja vitupu havipo sokoni na inabidi utenganishe bei ya ardhi na ya jengo kwa makisio.

*Haki.* Ni nzuri dhidi ya walanguzi wa ardhi, ngumu kwa mwenye nyumba kuukuu ndogo kwenye eneo lililopanda bei. Mnara wa kifahari nao, ukiwa na familia mia juu ya kiwanja kimoja, unaweza kugawana kodi ndogo ajabu.

*Uwazi.* Mzuri sana kanda zikichapishwa kwenye ramani ya wazi. Unaangalia kanda yako, unazidisha na ukubwa wa kiwanja.

*Uchakavu.* Jengo likibomolewa au kuongezwa, daftari halihitaji kuguswa. Bei za ardhi ndizo zinazokimbia. Estonia ina kodi ya ardhi tangu 1993, na hata huko uthamini wa 2001 ulitumika mpaka ulipofanyika mwingine 2022. Nairobi ilitumia kwa miongo kadhaa daftari la mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa kuwa thamani zilikuwa za kale, kiwango kilibidi kiwe asilimia kubwa kupindukia ili kipatikane cha maana, na mlipaji anayeona asilimia hiyo bila kujua historia yake hushtuka bure.

*Inamfaa nani.* Miji inayokua haraka yenye viwanja vingi vilivyofungiwa, na pale ambapo ramani za viwanja ni bora kuliko taarifa za majengo. New South Wales kule Australia inaitumia kwa kodi za halmashauri zake zote.

Njia ya nne: eneo na pointi

*Data.* Kidogo kuliko zote. Bavaria inazidisha kila mita ya mraba ya kiwanja kwa senti 4 za yuro na ya jengo kwa senti 50, kisha halmashauri inaongeza kizidishio chake. Poland nayo hutoza kwa mita. Bei ya soko haiingii kabisa.

*Haki.* Kwa umbo lake tupu ni dhaifu: nyumba ya ufukweni na ya pembezoni zenye ukubwa mmoja zinalipa sawa. Lakini siyo lazima liachwe tupu. Bangalore mwaka 2008 iligawa mji kwa kanda, kila kanda na kiasi chake kwa futi ya mraba. Freetown ilikwenda mbali zaidi mwaka 2020: ilitumia picha za satelaiti kuyatambua majengo yote, ikaongeza pointi kwa vitu vinavyoonekana kwa macho, kama aina ya paa, kuta na mahali lilipo. Majengo yaliyosajiliwa yaliongezeka takriban maradufu, na mzigo ukahamia zaidi kwa wenye majumba makubwa.

*Uwazi.* Hapa haina mpinzani. Mwenye nyumba mwenye futi kamba anaweza kumpinga ofisa papo hapo.

*Uchakavu.* Mita hazipandi bei. Kinachochakaa ni kile kiasi kwa kila mita, ambacho mfumuko wa bei hukila kimyakimya, na pointi ambazo zitaacha kueleza chochote siku paa lililokuwa la kitajiri litakapokuwa la kila mtu.

*Inamfaa nani.* Halmashauri yenye wathamini wachache au isiyo nao kabisa, na soko lisilo na bei za kuaminika.

Kuna pia kujitathmini, ambako mwenye mali anajaza thamani yake mwenyewe. Hiyo ni namna ya kupata data ndani ya njia yoyote kati ya hizi. Ireland ilianza hivyo 2013 kwa madaraja mapana ya bei, ili mtu asihitaji kujua thamani hadi senti ya mwisho. Inafaa pale serikali ina uwezo wa kukagua anayedanganya. Bila hivyo, mkweli ndiye anayelipa kwa niaba ya wengine.

Kukusanya

Njia nzuri ya kukadiria ikikutana na ukusanyaji mbovu, matokeo ni madeni yaliyoandikwa vizuri.

Ankara ya moja kwa moja kutoka halmashauri ndiyo ya kawaida. England huigawa kwa awamu kumi, na mlipaji akiomba, kumi na mbili. Inahitaji anwani sahihi na watumishi wa kufuatilia, lakini ina faida isiyoandikwa kwenye hesabu: mlipaji anajua nani anamdai, hivyo anajua nani wa kumuuliza kuhusu taa na mitaro. Bogotá ilipata ushahidi wa ajabu wa jambo hilo mwaka 2002. Meya Antanas Mockus aliwaomba wakazi waongeze asilimia 10 kwa hiari yao, na familia zipatazo 63,000 zikaongeza.

Njia ya pili ni kupitia mtu wa kati. Marekani, mwenye mkopo wa nyumba mara nyingi hulipa kodi kidogokidogo kila mwezi pamoja na rejesho, na mkopeshaji ndiye anayeipeleka. Ireland unaweza kukatwa kwenye mshahara. Tanzania tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa wakati wa kununua umeme wa LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Wigo wake ni mpana na gharama ya kumfuata mlipaji mmojammoja inapungua sana. Lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, si mwenye nyumba, hivyo wanabaki kudaiana wao kwa wao. Na kiasi kinachokatwa ni kimoja kwa nyumba za aina moja, iwe kubwa au ndogo.

Kwa wasiolipa, Afrika Kusini huzuia uhamisho wa mali bila cheti cha manispaa kuthibitisha kwamba madeni ya miaka miwili ya karibuni yamelipwa. Ni silaha ya upole inayofanya kazi siku ya kuuza tu, asiyeuza haimgusi. Mnada unamgusa kila mtu, na ndiyo maana unahitaji mipaka. Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja dhidi ya Kaunti ya Hennepin, Minnesota, ambayo iliuza nyumba kwa dola 40,000 kufidia deni la takriban 15,000, kisha ikabaki na chenji yote. Kabla ya mnada ipo njia nyingine ambayo halmashauri nyingi haziifikirii: kuahirisha. British Columbia, Kanada, humruhusu mwenye nyumba aliyefika miaka 55 kuiacha kodi ikusanyike kama mkopo wenye riba, ilipwe nyumba itakapouzwa au kurithiwa. Inajibu tatizo la mstaafu bila kuvuruga uthamini wa mji mzima.

Kwa hali yako

Kama halmashauri yako haina daftari kabisa, au lililopo lina chini ya nusu ya majengo yanayoonekana angani, anza na eneo na pointi. Tafuta majengo kwanza. Ubora wa thamani utafuata. Kubishana juu ya fomula wakati nusu ya mji haimo ni kuwatoza vizuri zaidi walewale wanaolipa tayari.

Kama tatizo lenu ni viwanja vilivyofungiwa katikati ya mji, ardhi peke yake ina hoja nzuri, ila iambatane na kuahirishiwa kwa wakongwe. Kama mnaishi kwa biashara na upangaji, pango litawaletea ubishi mdogo. New Zealand sheria inaziachia halmashauri zichague kati ya thamani ya ardhi, thamani ya mali nzima na pango la mwaka, ikizitaka thamani zihuishwe angalau kila miaka mitatu. Ukisoma sheria hiyo utaona imelegea kwenye uchaguzi na kukaza kwenye marudio, na mimi ningeiga hapohapo.

Kama mna usajili mzuri wa mauzo na mnataka thamani ya soko, kabla ya kupitisha uliza swali moja la bajeti: fedha za uthamini wa pili zimetengwa wapi? Zisipokuwepo, chagueni njia rahisi zaidi mtakayoweza kuirudia.

Na kama wewe ni mkazi mwenye ankara mkononi unayoona imezidi, anza na vipimo: ukubwa wa kiwanja, eneo la jengo, idadi ya ghorofa. Makosa ya aina hiyo ndiyo rahisi kuthibitisha. Kisha linganisha na nyumba tatu au nne zinazofanana na yako kwenye daftari lilelile, si na bei unayosikia mtaani. Angalia tarehe ya mwisho ya pingamizi kabla ya yote hayo, kwa sababu dirisha lake huwa fupi, na likifungwa hoja nzuri husubiri hadi uthamini mwingine.